Msiba Usio na Matanga

Juni ikiingia huku kwetu Songwe, mtu mwenye akili zake hagawi blanketi. Mwenzangu wa chumba aligawa lake kwa jirani, kisha akaniambia, "Na lile jiko la mkaa baki nalo, mimi sitalihitaji tena." Hasira zangu ziko karibu, nikataka kumfokea. Nilipomtazama usoni nikaketi kitandani kando yake.

Tulikuwa tunasomea uuguzi na ukunga, tumepanga chumba Chapwa. Yeye alitoka Isongole. Wiki ile, kwenye mafunzo ya vitendo, mtoto wa kwanza kumpokea kwa mikono yake alizaliwa amekufa. Mkufunzi alimweleza kwamba mtoto alifia tumboni kabla mama hajafika hospitali. Sisi wengine tukaridhika, tukarudi kwenye vitabu. Mama mzazi alikuwa na ndugu wa kumliwaza. Nani anampa pole mwanafunzi?

Nikamuuliza waziwazi kama anafikiria kujidhuru.

"Hapana," akasema. "Nataka kuacha chuo, nirudi nyumbani nikalime. Mikono yangu ina mkosi."

Sikumhubiria. Nilisogeza vitanda, nikatandika mkeka sakafuni kama tunavyokaa msibani, nikakoroga uji na kuwaita wasichana wa vyumba vya jirani. Waliingia wamejifunga kanga, wakampa mkono mmoja mmoja: "Pole na msiba, dada." Mmoja alininong'oneza kwamba tunajitafutia balaa, kumkalia matanga mtoto wa watu. Nikamwambia anywe uji anyamaze.

"Mtoto alikuwaje?" nikamuuliza mwenzangu.

"Alikuwa na nywele nyingi," akasema, na hapo ndipo alipolia. Tukalia naye. Niliumia kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza.

Asubuhi nilimsindikiza kwa mkufunzi. Mkufunzi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Zamu ijayo utaingia na mimi. Nitasimama nyuma yako."

Siku ya zamu nilimngoja koridoni, roho juu, nikimkera kila muuguzi aliyepita kwa maswali. Mara nikasikia kichanga kikilia kwa fujo. Mwenzangu akatoka, jasho linamtiririka, nikamrukia na kumkumbatia.

"Wa kike," akasema, akijichomoa mikononi mwangu. "Niachie bwana, mama yake ananiita."