Harufu ya Kuku Garini

Mume wangu alipoambiwa hospitali kwamba presha ya macho imeshamharibu na mwanga uliopotea haurudi tena, vitu viwili viliingia mikononi mwangu kwa pamoja: fedha za nyumba na usukani wa gari. Fedha nilizipokea kwa woga. Watoto wetu walioko Unguja walikuwa wakituma pesa kwenye simu yake, na sasa ni mimi niliyekuwa nikimsomea ujumbe. Husikiliza, kisha huniambia, "Hebu soma tena." Nikishasoma, huichukua simu akaitia mfukoni mwake.

Gari sikujua hata kuiwasha. Lakini kukodi dereva kila tukienda kliniki kulikuwa kunatumaliza, nikakata shauri kujifunza, na utu uzima wangu huu. Nikampata mwalimu aliyekubali kunifundisha kwa gari yetu wenyewe, petroli juu yetu. Bei yake ilikuwa ndogo mno. Nilipaswa kujiuliza kwa nini.

Mwanzo tulizunguka uwanja wa mpira, gari ikiruka na kuzima, ikiruka na kuzima. Haukupita muda mwalimu akasema niko tayari kwa barabara kubwa.

"Tutashika njia ya Mtambile, Bi mkubwa. Ile ina milima, itakufunza klachi."

Njiani akanambia nisimame mbele ya banda la kuku, eti nijifunze kuegesha. Akashuka, akarudi na trei za mayai, akazipanga kiti cha nyuma na kuzifunika gunia. Mtambile nikaegesha tena, mbele ya duka, na mayai yakashuka.

Safari iliyofuata ikawa hivyohivyo, na nyingine baada yake. Nikisema leo twende upande wa Wete, hunijibu kuwa njia ile bado siiwezi. Nikafahamu kuwa petroli yangu ndiyo inayobeba biashara yake. Sikusema. Nilichelea mume wangu akisikia atasema basi, yaishe, gari iuzwe.

Jioni moja tukiwa tunakunywa chai, mume wangu akauliza, "Mbona gari inanuka kuku?"

"Kuku?"

"Kuku. Na petroli inakwisha upesi. Mnakwenda wapi nyie?"

"Mtambile."

"Kila siku Mtambile. Kuna nini huko?"

Nikamjibu kuwa kuna milima. Ilikuwa kweli, lakini nilivyoyasikia maneno yakinitoka mdomoni, hata mimi nisingeyaamini.

Tokea hapo akawa ananichunguza. Nikirudi sokoni, hutaka chenji nimwekee kiganjani noti moja moja, azipapase. Nikirudi kwenye mafunzo, hutoka uani akaweka mkono juu ya boneti kupima joto. Nilimwona kwa dirisha la jikoni na roho ikaniuma. Miaka yote tuliyoishi hakuwahi kunihesabia shilingi. Nikajua kinachomkera si petroli, ni kwamba kila kitu sasa kimo mikononi mwangu.

Asubuhi moja nikamkuta ameshavaa kanzu na kofia, amekaa garini kiti cha nyuma.

"Mimi nipo tu," akasema. "Fundishaneni."

Mwalimu akamwamkia kwa adabu, tukaondoka. Pale bandani mwalimu akajiwekea kidole mdomoni kunionya nisiseme, akaziingiza trei polepole kando ya mume wangu, bila kishindo. Tukaendelea. Baada ya kitambo, kwenye kioo nikaona mkono wa mume wangu unalipapasa gunia, kisha unaingia chini yake.

"Mwalimu."

"Naam, Mzee."

"Na haya mayai nayo yanajifunza gari?"

Mwalimu akacheka peke yake. Akaeleza kuwa ni mbinu: mwanafunzi akikanyaga breki vibaya, mayai yanapasuka, ndipo anapojua kosa lake.

"Kuku wa nani?"

"Wangu, Mzee."

"Na petroli ya nani?"

Mwalimu akanambia nibadilishe gea, mlima umefika.

Mtambile, mwenye duka akatoka kupokea mzigo wake. Mume wangu akazipakata trei mapajani na kusema hakitoki kitu kabla hatujasikizana. Ikaamuliwa mwalimu anifundishe mpaka mtihani bila malipo zaidi, kwa njia ninayoitaka mimi. Alikubali upesi. Mayai yalikuwa bado mapajani mwa mume wangu.

Tulipofika nyumbani, mume wangu akaniuliza, "Ulikuwa ukijua?"

"Nikijua."

"Mbona hukunambia?"

"Ungeniachisha."

Akafikiri. "Ningekuachisha," akasema.

Mtihani wa kwanza nilifeli kwenye kurudi nyuma, wa pili nikapita. Sasa mimi ndiye ninayempeleka kliniki. Hata hivyo, tukisimama sheli, nikishamwambia nimetia petroli ya kiasi gani, hushusha kioo akamuuliza mwenyewe anayetia. Zamani nilikuwa nikiona haya mbele za watu. Siku hizi nasubiri ajibiwe, apandishe kioo, ndipo natia gea.