Grafu Zilizonyooka Mno

Miaka kumi na tisa nimekuwa fundi wa rada ya anga ya juu, na grafu zangu zilinyooka hadi mkuu wa kituo akazitundika ofisini kwake. Kisha akaja yule binti tuliyembandika jina la Miwani. Wiki ya kwanza tu, grafu zake zikajaa vinundu na mikunjo. Eti huko juu, kilomita tisini, kuna mawimbi madogo ya hewa yanayopanda, yanavunjika, yanaivuruga hewa yote.

Lo! Mashine ile ile, anga ile ile, mimi nisiyaone miaka yote hiyo?

Nikaanza kumvizia. Akitoka kunawa mikono, nakagua meza yake. Akifunga droo, najiuliza anaficha nini. Mke wangu akanicheka: "Baba Pacha, wewe una wivu tu." Nikamwambia mambo ya kazini aniachie mimi. Yule binti alikuwa anapika takwimu ili apate jina, basi!

Jumatatu nikamshtaki kwa barua. Mkuu hakufanya ajizi: Miwani athibitishe grafu zake kabla ya saa tisa alasiri, la sivyo afungashe virago. Akanijia macho mekundu.

"Shikamoo, fundi. Naomba uwashe mashine wewe mwenyewe. Mimi sigusi kitu."

Nikawasha, kifua mbele. Mwangwi ukarudi kutoka juu, mstari ukaanza kutetemeka: vinundu vile vile, mikunjo ile ile.

"Hiyo kelele ya mashine tu," nikasema, na kidole kikaenda chenyewe kwenye kitufe cha kusafisha, kama nilivyofundishwa siku ya kwanza kazini. Mstari ukanyooka.

"Kelele ya mashine ingetokea kila kimo," akasema. "Mbona tisini kunachafuka, na themanini kumetulia?"

Nikazima, nikawasha upya: tisini vinundu, themanini shwari.

"Fundi, huwa unasafisha kila siku?"

"Kila siku."

"Na zile za kabla ya kusafisha, mnaziweka wapi?"

Hatukuziweka popote. Miaka kumi na tisa ya mawimbi, nimeyafuta kwa kidole hiki. Niliona aibu, nikataka ardhi inimeze.

Saa tisa kasorobo nikaingia kwa mkuu bila kubisha hodi, nikaanza kubandua grafu zangu ukutani.

"Wee, kulikoni?"

"Miwani asiondoke," nikamwambia. "Grafu za uongo ni hizi zangu."