Mshahara wa Mama Shekinah

Mama Shekinah hakai. Ukimpa kiti, kwanza anakigeuza aone kilivyopigwa misumari chini, kisha anakirudisha na kwenda kusimama mlangoni. Kanisani anachagua mwisho wa benchi, na wimbo ukirefuka utamwona akikunja na kukunjua kona ya kitenge chake, akipima upana wa kitambaa kwa vidole. Jina lake ni Angélique, mzaliwa wa Uvira. Kwa miaka mingi alishona vitambaa vya makochi katika karakana ya mumewe kule Turffontein, Johannesburg, karibu na uwanja wa mbio za farasi, na hakuna mtu aliyeiita hiyo kazi. Hata yeye hakuiita hivyo. Alisema, "Ninamsaidia Papa Shekinah."

Kazi ilikuwa ya Firmin. Firmin alikuja Johannesburg kabla yake, akalala chumba cha kuchangia Berea, akalinda lango la jengo la ofisi Sandton, mpaka mzee mmoja Mreno wa Rosettenville, fundi makochi, alipomchukua ambebee fremu. Mzee aliposhindwa na mikono yake, akamwachia nyundo, meza ya kukatia na cherehani nzito ya chuma. Nyundo Firmin aliiweza. Cherehani ilimshinda. Ilikaa pembeni imefunikwa gunia hadi Angélique alipofika na mtoto wao Shekinah mgongoni, akalivua gunia lile na kuanza kushona kabla hajavua viatu vya safari.

Tangu hapo fremu, sponji na misumari vilikuwa vya baba, na chochote ambacho mteja aliweza kukiona na kukigusa kilishonwa na mama. Mabaki ya vitambaa aliyageuza mapazia, akawauzia wanawake wa kanisani. Pesa ya makochi na pesa ya mapazia ziliingia katika kopo moja la maziwa ya unga juu ya kabati. Kopo lilikuwa la Firmin. Hakuwa mchoyo; akiombwa, alitoa. Lakini ilibidi aombwe, na aambiwe ni ya nini.

Mwaka 2011 hoteli moja ilitaka kumpa Firmin kazi ya kushona upya viti vya ukumbi wake, ikamwomba kwanza hati ya kuonyesha kwamba analipa kodi. Hakuwa nayo. Akajiandikisha, akapata kazi, akafurahi. Mwaka uliofuata ikaja hesabu ya kodi ya mapato. Firmin aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa.

Aliyewaokoa aliletwa na viti sita vya meza ya kulia. Ameir, Mzanzibari, alikuwa mhasibu katika kampuni moja ya bima Sandton, na Jumamosi moja alifika na viti vyake ndani ya gari. Akisubiri risiti ya malipo ya kwanza, akamwona Firmin akitafuta kitabu cha risiti ndani ya mfuko wa plastiki wa sukari.

"Bwana Firmin, hesabu zako zote zimo humo?"

"Zote. Za mwaka huu. Za mwaka jana ziko kwenye mfuko wa unga."

Ameir akaketi juu ya kiti chake mwenyewe kilichokuwa bado hakijaguswa, akaomba aone. Alisoma karatasi moja moja, akauliza maswali. Nani anakata? Firmin. Nani anapiga misumari? Firmin. Nani anashona?

"Huyu," Firmin akaelekeza kwa kidevu.

"Na analipwa kiasi gani?"

Firmin akacheka. Angélique naye akacheka, kwa sababu mumewe alicheka. Ameir hakucheka.

"Sikiliza, kaka. Serikali inakutoza kana kwamba wewe peke yako umefanya kazi ya watu wawili, na kipato kikirundikwa kwa mtu mmoja, kodi inapanda. Lakini mko wawili. Kila mtu ana kiwango chake ambacho chini yake hatozwi kitu. Wewe umekitumia chako. Cha shemeji kimelala bure mwaka baada ya mwaka." Akamgeukia Angélique. "Mlioana kwa utaratibu gani wa mali?"

"Tulioana kwa padri," Angélique akasema.

"Haya. Mali yenu ni habari nyingine, lakini kipato cha kazi hutozwa yule aliyeifanya. Mapazia ni yako, shemeji, basi yaandikwe kwa jina lako. Na kushona makochi ni ajira. Bwana Firmin akulipe mshahara wa haki, ule ambao angemlipa fundi mwingine, si zaidi. Kwake ni matumizi ya biashara, yanapunguza kodi. Kwako ni kipato, na ni kidogo, hakitafika kiwango cha kutozwa. Huko si kukwepa. Ni kusema mambo yalivyo."

"Sharp, sawa," akasema Firmin, ambaye alikuwa amesikia tu neno la kupunguza. "Tuandike."

"Si kuandika. Kulipa. Pesa itoke kwako iingie benki kwa jina lake, na ikishaingia ni yake. Ikirudi kwako, mpango wote ni uongo, na mimi uongo siwasilishi."

Firmin akaanza kurudisha karatasi mfukoni moja moja. Kutoka uwanjani ikasikika sauti ya kipaza sauti ikiwataja farasi waliokuwa wanaingia mstarini.

Walikubali. Ilibidi Angélique atafute benki itakayopokea kibali chake cha ukimbizi, na alizunguka nyingi kabla ya kuipata. Mwisho wa mwezi mshahara wake wa kwanza ukaingia. Asubuhi iliyofuata Firmin alimngoja amalize chai.

"Mama Shekinah, vaa twende."

"Wapi?"

"Tukaitoe ile. Imeshaingia, wameshaiona. Sasa irudi nyumbani."

Wakaenda. Aliitoa, akamkabidhi pale pale mbele ya mashine, naye akaihesabu na kuitia katika mfuko wa ndani wa koti. Mwezi wa pili vivyo hivyo. Mwezi wa tatu Marcellin, kinyozi wa mlango wa pili, aliwaona wakirudi akapaza sauti kutoka kibandani kwake: "Bosi! Leo tena umempeleka mfanyakazi wako benki? Mimi wangu hata nauli simpi!"

Ameir alikuja katikati ya mwaka kutengeneza hesabu za awali. Akaomba karatasi za benki za Angélique, akazipitia, akazikunja.

"Bwana Firmin, pesa hii inakwenda matembezini na kurudi nyumbani."

"Ni pesa ya nyumba, ndugu yangu. Mimi na huyu ni mwili mmoja."

"Mbele ya Mungu. Mbele ya watoza kodi ni watu wawili, na ndiyo maana nimewatenga. Kama unataka mwili mmoja, lipa kodi ya mwili mmoja." Akainuka. "Nitarudi mwisho wa mwaka wa hesabu, Februari. Nikikuta inarudi bado, nitaandika kwamba hakukuwa na mshahara, na utatozwa yote."

Mwezi ule, asubuhi baada ya mshahara, Firmin hakusema "vaa twende". Alikunywa chai, akaondoka.

Mtu angedhani kwamba siku hiyo Angélique alifurahi. Hakujua afanye nini na mwili wake. Alishona mshono akaufumua. Mchana alitoka, akavuka kwenye robot, taa za barabarani, akasimama kwenye foleni ya mashine ya benki. Zamu yake ilipofika akaangalia salio, akachukua kadi na kurudi kazini bila kutoa hata randi moja. Kesho yake akaenda tena. Tangu utotoni pesa ilikuwa imepita mikononi mwake ikienda kwa mtu: kwa baba, kwa kaka, kwa mchungaji, kwenye kopo. Sasa ilikuwa imesimama mahali ikimsubiri aseme neno, na hakuwa na neno. Alifikiria cherehani mpya, akafikiria sare za Shekinah, akafikiria nyumba ya mama yake Uvira. Kila wazo lilimkaa siku mbili likaondoka.

Firmin naye hakutulia. Akawa mtu wa kuuliza mambo kwa kuzunguka. "Naona vitambaa vimepanda bei mjini," angesema, akimtazama usoni. Au: "Yule mke wa Théodore, unamkumbuka? Alianza na akaunti. Leo yuko Cape Town."

"Na Théodore alikuwa anampiga," Angélique akajibu.

"Sikusema kuhusu kupiga. Nasema alianza na akaunti."

Shekinah, aliyekuwa akielewa Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza, safari hii alikitafuta kwa ajili ya baba yake. "Eish, Papa. Si umuulize tu anataka kununua nini?"

Firmin hakuuliza. Aliogopa kwamba jibu lipo.

Januari hoteli ilirudi na viti vingine, vingi kuliko vya kwanza, na Firmin alitakiwa kununua sponji kabla ya kulipwa. Kopo halikutosha. Akaja hadi kwenye cherehani, akasimama nyuma ya mkewe mpaka akaona haya kusimama.

"Mwezi huu tu, Mama Shekinah. Rudisha mwezi huu tu. Ameir hawezi kuona mwezi mmoja."

Angélique aliondoa mguu kwenye kanyagio. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Mdomo wake ulikuwa umezoea. Alijua pia kwamba akisema ndiyo, mwezi ujao hakutakuwa na "tu".

"Hapana, Papa Shekinah."

"Hapana?"

"Waombe hoteli wakutangulizie malipo. Kila fundi anaomba arubuni. Wewe huombi kwa sababu unajua mimi nipo."

Firmin alitoka akaupigiza mlango hata kioo cha Marcellin kikatikisika. Lakini aliomba arubuni, kwa Kiingereza chake cha lango la Sandton, akakaa na simu mkononi kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali. Hoteli ikakubali kwa ujumbe mfupi. Hakumwambia mkewe siku hiyo. Alileta sponji tu, akaziangusha mlangoni kwa kishindo.

Viti vilipokwisha, Angélique alimwita akae. Yeye alisimama.

"Ameir alisema mimi ni mfanyakazi wa kweli, sivyo?"

"Alisema."

"Na mfanyakazi wa kweli akitaka kuacha kazi, anatoa notisi ya mwezi."

Firmin alimtazama kama mtu aliyesemeshwa kwa Kireno. "Notisi ya nini?"

"Naacha kazi. Nimepata chumba Rosettenville, chenye dirisha la barabarani. Nimelipa kodi ya chumba ya mwezi wa kwanza kwa mshahara wangu. Nitashona mapazia, na vitambaa vya makochi kwa yeyote atakayeleta."

Nyundo ilikuwa mezani. Firmin aliishika, akaiweka, akaishika tena. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Unaacha kazi, Angélique, au unaniacha mimi?"

Hakuwa amemwita jina lake tangu Shekinah azaliwe. Angélique alitaka kucheka, akaona uso wake, akaacha.

"Kazi, mume wangu. Wewe sijakuandikia notisi. Jioni nitakukuta nyumbani palepale, na ukichelewa chakula ni baridi."

"Basi kwa nini usikae hapahapa? Nitaongeza mshahara."

"Kwa sababu hapa nikiinua kichwa naona ukuta. Miaka yote naona ukuta." Akakunja kona ya kitenge chake. "Sijui kulisema vizuri, Papa Shekinah. Nimechoka kukusaidia. Nataka kufanya kazi."

Februari Ameir alikuja kama alivyoahidi, akasikia habari zote mbili, moja kutoka kwa kila upande, akafikiri kidogo na kalamu kinywani. Akasema hesabu haikuharibika. Mshahara uliokwisha kulipwa na kubaki kwake ulikuwa mshahara. Ile miezi mshahara uliporudi kwa Firmin, aliiondoa, na Firmin akalipa kodi yake. Kuanzia sasa Firmin atamlipa mkewe kama fundi wa nje, kwa risiti, nayo pia ni matumizi ya biashara. "Ila shemeji, na wewe sasa uwe na mfuko wako wa sukari," akasema.

Firmin alijaribu fundi mwingine kwanza. Alimpata, akashona mito ya kochi moja, na mwenye kochi akairudisha kabla ya mchana. Basi Ijumaa moja Firmin alibeba mkunjo wa kitambaa begani akapanda hadi Rosettenville. Chumbani mlikuwa na wanawake wawili mbele yake, mmoja wa pazia la jikoni, mwingine bado anabishana kuhusu rangi. Alisimama. Angélique akamsukumia kiti kwa mguu bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa alichokuwa akikata.

Zamu yake ilipofika, akamtajia bei.

"Mimi ni mume wako," Firmin akanong'ona.

"Ndiyo maana umepewa kiti. Wenzako walisimama."

Yule wa pazia la jikoni akaangua kicheko. Firmin alijikuna shingo, akalipa nusu, akaomba risiti. Aliisoma, akaikunja vizuri na kuitia katika mfuko wa ndani wa koti.

Hakuondoka mara moja. Angélique alikuwa amekwisha sogea dirishani, kitambaa chake mikononi, anatazama ng'ambo ya barabara, kwenye duka kubwa la pembeni, tupu na linalotafuta mpangaji, ambalo vioo vyake vilikuwa vimebandikwa magazeti kwa ndani.

"Unaangalia nini?" Firmin akauliza.

"Si kitu."

Alimjua mkewe. Akakivuta kiti chake hadi dirishani, akaketi, naye akaanza kuliangalia lile duka.