Mistari Mitano ya Mizabibu

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, naikumbuka yote. Ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa tano, mchana, ndani ya hoteli moja katikati ya Birmingham, nami nilikuwa nimevaa shati jeupe la kazi na tai nyeusi, nikijiona mtu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa na miaka thelathini na kidogo, umri ambao mtu anaamini ameshajua yote, na ukimwambia hajui ananuna. Nilinuna sana miaka ile.

Kabla sijaendelea, neno moja. Habari hii ina mvinyo ndani yake. Kama wewe ni katika ndugu zetu wasiogusa kileo, usikunje uso ukaondoka. Sisemi habari za kunywa, nasema habari za baba yangu.

Baba alikuwa mkulima wa zabibu kule Hombolo, nje ya mji wa Dodoma. Alikuwa na mistari kumi na miwili ya mizabibu kwenye udongo mwekundu wa kichanga. Aliipanda mwaka niliozaliwa mimi, akaifunga kwenye waya kwa kamba za katani, mche mmoja mmoja, kwa mkono wake. Nimekulia humo. Kabla sijajua kusoma nilishajua chipukizi lipi la kuacha na lipi la kubana kwa kucha. Lakini nilipofika Uingereza hayo yote niliyafungia sandukuni. Wenzangu wa hotelini niliwaambia kwamba baba ni mfanyabiashara mkubwa Dar es Salaam. Siku moja mhudumu mmoja akatania kwamba Afrika hakuna zabibu, labda mvinyo wao wanaukamua kwenye ndizi. Watu wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Kicheko kile kinaniuma mpaka leo.

Wiki hiyohiyo baba alinipigia simu. Wakati ule simu ya mkononi kijijini alikuwa nayo mwalimu mkuu wa shule ya msingi peke yake, na netiweki ilipatikana ukipanda kichuguu nyuma ya madarasa, kwa hiyo mzee kunipigia haikuwa jambo dogo. Aliniambia mgongo unamsumbua. Wanunuzi walichelewa kuja, na sehemu kubwa ya mavuno ya mwezi wa tatu ikaozea shambani. Sasa wakati wa kupogoa umefika, naye hajui aendelee au aache. Akaniuliza, "Shamba hili mwishowe ni lako, Yona. Wewe unaonaje?"

Nilikuwa ndani ya basi, Soho Road, narudi nyumbani Handsworth, nimepakata mfuko wa ndizi mbichi. Sikuomba hata dakika moja ya kufikiri. Nikamwambia, "Ng'oa tu mzee. Panda alizeti."

Kisha akasema, "Haya. Jumatatu nitaanza."

Nami nikashuka kituo changu, nikapika ndizi zangu, nikala nikashiba, nikalala usingizi mzuri. Sikuwaza tena habari ya shamba mpaka Jumatatu yenyewe.

Jumatatu hiyo hoteli ilikuwa na mgeni, Madame Odile, mama wa miaka sabini hivi, mfupi, mkavu, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Alitoka Bouzy, kijiji kidogo cha Ufaransa kinachojulikana kwa mvinyo wa mapovu na kwa mvinyo mwekundu uliotulia, usio na povu hata moja. Alikuja kuwaonjesha wenye mikahawa wa mjini. Mezani alipanga chupa zake, akaweka bonge la udongo mweupe wa shambani kwake, chaki kama ya ubaoni ila kubwa kama mkate, na kando yake mche wa mzabibu ndani ya chungu, umechanua majani mabichi.

Alisema Kifaransa tu, kwa hiyo meneja akamwita Kasongo kutoka jikoni aje kutafsiri. Kasongo alikuwa mwosha vyombo, Mkongo wa Bukavu, rafiki yangu, ingawa Kiswahili chake na changu vilikuwa vikigombana kila siku. Wageni aliwatafsiria kwa Kiingereza. Mimi, nikipita na sinia la glasi, alininong'oneza kwa lugha yetu.

Na mambo niliyoyasikia, mwanangu! Yule mama alisema mvinyo wake mweupe wa mapovu unatoka kwenye zabibu nyeusi. Weusi wote uko kwenye ganda, na maji ya ndani ni meupe. Ukikamua upesi na kwa upole unapata mweupe, na ukiyaacha maji yalale na maganda unapata mwekundu. Mapovu yanazaliwa ndani ya chupa yenyewe, gizani, chini ya ardhi, miaka. Mama yake alikuwa akishuka kila siku kuzigeuza chupa kwa mkono, kila moja kidogo tu, mpaka mashapo yote yakateremkia shingoni. Maelfu ya chupa, na kila moja ameigusa. Na ule mwekundu uliotulia hawautengenezi kila mwaka, ila mwaka ambao jua limewahurumia. Safari hiyo alikuja na chupa moja tu ya huo mwekundu.

Nilisimama na sinia langu mwili ukinisisimka. Kuna wakati unaona kazi ya watu ukataka kuvua viatu.

Hapo mgeni mmoja akainua mkono kuchukua glasi, kiwiko kikapiga mche ule, tawi likafunguka kutoka kwenye kijiti chake likaning'inia. Nilikuwa karibu. Niliweka sinia chini, nikaokota uzi wa katani uliofungia kasha la chupa, nikalirudisha tawi mahali pake na kulifunga: mzunguko mmoja kwenye kijiti, mmoja legevu kwenye tawi ili lipate nafasi ya kunenepa, fundo nyuma. Halafu nikabana kwa kucha chipukizi lililokuwa likinyonya bure. Nilifanya bila kuwaza, kama unavyofunga kamba za viatu.

Mkono wangu ukakamatwa. Alikuwa Madame Odile. Aligeuza kiganja changu akakitazama, kisha akamwambia Kasongo kitu.

"Anauliza nani alikufundisha hii fundo," Kasongo akasema.

"Hakuna. Nimefunga tu."

Kasongo akatafsiri. Mama hakuniachia mkono.

"Anasema hapana. Mutu hazaliwe na hii fundo. Iko mutu alikuonyesha. Sema ni nani."

Watu wote walikuwa wananitazama, na meneja pia. Nikasema, "Baba yangu."

"Ule wa biashara? Wa Dar?" Kasongo alishangaa kwa niaba yake mwenyewe.

"Sina baba wa Dar, Kasongo. Baba yangu analima zabibu Dodoma."

Nilikuwa nimengoja kicheko. Hakikuja. Yule mama aliuliza swali jingine, haraka, macho yakimwaka.

"Anauliza kwenu banavuna mwezi gani."

"Wa tatu. Na wa nane."

"Anasema uchague moja."

"Yote miwili. Mzabibu wa kwetu unazaa mara mbili kwa mwaka."

"Yona, usinitie haya mbele ya muzungu."

"Mwambie."

Akamwambia. Madame Odile alivuta kiti akakaa. Mwanamke yule, ambaye chupa zake watu wazima walikuwa wanazishika kama mtoto mchanga, alikaa akanitazama kama mimi ndiye niliyetoka mahali pa maajabu. Alikuwa ameishi miaka sabini akingoja vuno moja kila mwaka, akiogopa baridi na mvua ya mawe, na sasa anaambiwa kuna mzee mahali, kwenye kichanga chekundu, anayevuna mara mbili kwa mikono yake miwili. Aliinuka, akaifungua ile chupa moja ya mwekundu uliotulia, akamimina glasi ya kwanza, akanipa mimi, mhudumu, mbele ya wageni wote.

"Anasema hii ni ya baba yako," Kasongo akasema polepole. "Weye onja pa nafasi yake."

Nikaonja. Sijui majina wanayotumia wajuzi wa mambo hayo. Mimi nilisikia harufu ya chumba cha baba siku za mavuno, udongo, majani na jasho la watu waliochoka vizuri. Haya yote yalikuwa kwetu, nami nilikuwa nikiyacheka.

Ndipo akauliza swali la mwisho, kwa tabasamu tu, kama unavyomuulizia mzee wa mtu.

"Anauliza, saa hii baba yako iko nafanya nini?"

Nilitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane mchana, maana yake kwetu ni saa kumi.

"Anang'oa mizabibu," nikasema. "Nilimwambia aing'oe."

Kasongo akatafsiri. Tabasamu likamwisha yule mama. Hakupaza sauti. Laiti angepaza. Alisema maneno machache, na Kasongo akanipa yalivyo:

"Anauliza hivi. Baba yako alikuomba ruhusa ya kungoa, ao alikuomba umuambie aendelee?"

Mwanangu, sijawahi kuulizwa swali lililonivua nguo kama lile. Mzee amepanda kichuguu na mgongo wake mbovu anisikie nikisema, "Baba, kazi yako ni njema, shikilia." Mimi nikamjibu habari za alizeti.

Kasongo alitoa mfukoni kadi yake ya simu, aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya mama yake Bukavu, akanisukuma mpaka kwenye simu ya korido ya jikoni. Kwa bahati mwalimu alikuwa juu ya kichuguu, akapokea. Akasema mzee yuko shambani tangu asubuhi na vijana wawili wenye majembe. "Mwalimu," nikapiga kelele, "panda baiskeli! Mwambie aache! Mlete!"

Tulingoja nusu saa. Madame Odile aliwaacha wageni wake akaja kukaa nasi koridoni, juu ya kreti la viazi, mikono magotini. Nilipopiga tena nilisikia upepo, kisha pumzi ya mtu aliyepanda mahali.

"Baba, umeng'oa?"

"Mistari mitano."

Nikaishika simu kwa mikono miwili.

"Saba ipo," akasema. "Nilianzia mwisho kule, mbali na nyumba. Vijana walitaka kwenda mbio, nikawa nawaambia wapumzike, wanywe maji. Nilisema labda Yona atapiga."

Nililia pale koridoni na tai yangu shingoni. Madame Odile hakuhitaji mkalimani. Jioni alipoondoka aliniachia ule mche.

Baba aliishi miaka tisa baada ya hapo. Mistari saba ilizaa mara mbili kila mwaka, na kazi ya mgongo akawaachia vijana. Ile mitano hakuipanda tena, wala alizeti hakupanda, na hakunilaumu hata siku moja. Nilipokwenda kumzika nilikuta ardhi ile iko wazi, nyekundu, imefagiwa. Nilisimama hapo muda mrefu. Mche wa Bouzy ninao mpaka leo, kwenye kibustani changu hapa Handsworth. Zabibu zake ni chachu, zinakukunjisha uso, na ndege ndio wanaozifaidi, lakini kila mwaka naufunga kwa fundo la baba.

Basi nisikilize. Mzazi akikuuliza kama aache kazi ya maisha yake, usimjibu ukiwa ndani ya basi. Shuka. Kaa. Muulize yeye anataka nini, kisha umngoje amalize kusema. Na kazi iliyokulea itaje kwa jina lake mbele ya watu, hata wakiwa wanacheka, hasa wakiwa wanacheka. Usingoje mgeni atoke ng'ambo kukuambia thamani ya mikono iliyokulisha.

Mungu akujalie masikio mapema kuliko mimi. Akupe marafiki wa kukupa kadi yao ya simu, na mzazi anayeng'oa polepole akikusubiri. Na siku utakapochelewa, kwa maana utachelewa, akufanye ukute mistari saba bado imesimama.