Vijiti Saba vya Fundichuma

Nilipokuwa mtoto kule Nambale, miaka ya sabini, haya yote niliyaona kwa macho yangu haya mawili. Sikuhadithiwa na mtu. Anayebisha aje nimwonyeshe mti wenyewe.

Nyanya yangu, tuliyemwita Kukhu, aliugua uso upande wa kushoto. Akiguswa na upepo, au akitafuna tu, moto ulimpita kutoka sikioni mpaka puani. Moto ukitulia, muwasho ulianza, akajikuna mpaka kidonda. Mwisho akaacha kula.

Chanzo nilikijua mimi. Siku moja kuni zilikuwa zimelowa, nikapanda mtini kwenye kiota cha fundichuma, yule ndege mwenye kichwa kama nyundo. Nikachomoa vijiti saba vikavu, Kukhu akapikia uji. Na kwetu hata mtoto anajua: ukiharibu nyumba ya fundichuma, ngozi itakuwasha. Nikakiri.

"Kumbe ni wewe!" Kukhu akasema, mkono shavuni.

Mjomba, aliyekuwa akivusha watu kwa baiskeli pale mpakani Busia, alitaka kumpeleka hospitali ya misheni. Kukhu akakataa katakata.

"Sindano itafanya nini na ndege bado amekasirika? Huyu arudishe vijiti saba kwa mkono wake. Kabla ya hapo sitoki."

Kesho yake asubuhi nilipanda na vijiti vipya, nikavichomeka kimoja kimoja. Cha saba fundichuma mwenyewe alikipokea kwa mdomo, kutoka mkononi mwangu. Nikaenda kumwambia Kukhu.

"Amepokea?"

"Amepokea, Kukhu."

Akashusha pumzi, akajifunga leso usoni, akapanda baiskeli. Mimi nikakimbia nyuma.

Daktari akamwambia, "Mama, huu mshipa wa fahamu ni kama waya wa simu. Kengele inalia na hakuna aliyepiga. Nitaulaza, lakini shavu litakufa ganzi, na siku moja maumivu yanaweza kurudi."

Sindano ilikuwa ndefu kama spoku ya baiskeli. Ikaingia shavuni. Kukhu alinibana vidole mpaka vikalia. Halafu akatulia, akajipapasa. "Shavu langu liko wapi?"

Sikuweza kujizuia, nikalidonoa kwa kidole. "Unasikia, Kukhu?"

"Nasikia nini?"

Mchana alikunywa uji, ukamtiririka kidevuni bila yeye kujua.

"Mama, unavuja!" mjomba akacheka.

"Nyamaza. Ongeza kikombe kingine."

Mpaka tunamzika, shukrani zake alizigawa sawa: nusu kwa daktari, nusu kwangu. Nimekula kuku wengi kwa ajili ya vile vijiti. Siku hizi najua ni sindano iliyomponya. Lakini bila vijiti, nani angempandisha baiskeli?

Na kwa kuwa nimezeeka kidogo, niseme tu: ule mti sikuupanda asubuhi ile. Niliogopa kuwashwa. Vijiti nilivificha kwenye mihogo ya jirani, na fundichuma hakupokea chochote.