Insha Moja, Watoto Thelathini na Wanane

Mwaka wa 1998 shule moja ya Mumbuni ilipata bahati kubwa: mwalimu mkuu wake, Bwana Muindi, aligundua namna ya kuandika hadithi ya Kiingereza bila kufikiri. Alitunga moja yeye mwenyewe, na darasa la nane wakaikariri kama sala. Jua linawaka, ndege wanaimba, wezi wanakuja na bunduki, kisha mwandishi anaamka na kukuta ilikuwa ndoto. Ukiulizwa harusi, unaipachika harusi katikati. Ukiulizwa mafuriko, unapachika mafuriko, na jua liendelee kuwaka.

Mwalimu Pauline ndiye aliyefundisha somo lenyewe. Angesema nini, na mzee ana diploma?

Mtihani wa majaribio wa muhula wa kwanza ulitaka habari za siku ya mvua kubwa. Watoto thelathini na wanane wakavamiwa na wezi wale wale, na wote, Mungu ni mwema, wakaamka. Msahihishaji akawapa kila mmoja alama nane kwa arobaini, akaandika juu ya bahasha: wamenakiliana.

"Umeniaibisha, Mwalimu," Bwana Muindi akamwambia Pauline, maana kosa lilikuwa lazima lipate mwenyewe. "Muhula wa pili ikiwa hivi, utaenda nasari ufundishe kuimba. La nane nitapea shemeji yangu, Jeff."

Jeff alisomea ufugaji wa nyuki.

Watoto wale Pauline alikuwa nao tangu la nne. Kuwaachia Jeff? Kesho yake akafunga mlango wa darasa.

"Leo hakuna kalamu. Niambieni kwa Kikamba kitu kilitokea kwenu nyumbani. Kiingereza chake tutakitafuta baadaye."

Pale shuleni aliyeshikwa akisema Kikamba alivishwa kibao cha adhabu shingoni mpaka jioni. Mwishowe Nzilani, msichana wa dawati la nyuma, akathubutu: asubuhi ya harusi ya shangazi, ng'ombe wao alitafuna tai ya baba. Baba akaenda kanisani na nusu iliyobaki, akiwaambia watu ndio mtindo wa Nairobi. Darasa likaangua kicheko, na mlango ukafunguka.

"Na hii ni Kiingereza ya wapi, Mwalimu?" Bwana Muindi akauliza.

"Bado inaiva, Bwana Mkuu."

Akamvisha Pauline kibao mbele ya watoto. Pauline akashukuru kwa adabu, akaenda nacho ofisi ya walimu, akanywa vikombe viwili vya chai. Siku iliyofuata akawaambia watoto waendelee.

Mtihani wa pili uliporudi, Nzilani alikuwa na alama thelathini na mbili kwa hadithi ya ng'ombe na tai, na hakuna aliyeshuka chini ya ishirini. Wezi hawakuonekana popote.

"Mnaona mbinu yangu?" Bwana Muindi akawauliza wazazi mkutanoni, wakampigia makofi. Jeff akabaki na nyuki wake, Pauline na darasa lake. Kisha mwalimu mkuu, kwa busara yake, akaagiza insha ya Nzilani ipigwe chapa, darasa la saba waikariri neno kwa neno.

Januari hao wakaingia la nane. Pauline akawapa insha ya kwanza, ya safari. Ng'ombe arobaini na mmoja wakala tai arobaini na moja.

Akawarudishia vitabu bila alama hata moja.

"Haya. Ambaye baba yake hajawahi kuvaa tai, mkono juu."

Mikono ikasimama darasa zima, isipokuwa wa mtoto wa pasta.

"Basi anza wewe, Mwikali. Baba huvaa nini akisafiri?"