Samli Kwenye Plagi za Redio

Mama hupaka samli kila kitu. Vibuyu, bawaba za milango, zamani hata viatu vyangu vya shule. Kwa hiyo nilipofika kwake Kishapu kumchukua ahamie kwangu Katoro, akaniambia redio ya marehemu baba imenyamaza tangu mvua zianze ingawa ameitunza vizuri, nilijua pa kuanzia.

"Mayu," nikamwita mama kwa Kisukuma, "umepaka samli kwenye plagi?"

"Zilikuwa zinabana. Sasa zinaingia vizuri."

"Zinaingia, lakini umeme haupiti!"

"Basi huo umeme wenu una maringo."

Nilitaka kucheka na kufoka kwa pamoja. Miaka yote alikuwa anakataa kuhama, safari hii amekubali mwenyewe, na begi lake lilikuwa tayari mlangoni. Nilikuwa na furaha ya kitoto. Naishi peke yangu, nilishampangia chumba na kununua kitanda. Sharti lake lilikuwa moja tu: redio isafiri ikiwa inasema.

Ni redio ya zile zenye taa za kioo ndani, nzito kama ndama, na kisanduku cha umeme kando kilichounganishwa nayo kwa waya mnene wenye plagi ya miguu mingi. Niliichomoa ukutani nikaiacha kwanza, maana redio hizi huficha umeme tumboni hata zikizimwa, na zikikurusha hazipigi hodi. Kisha nikachukua spiriti na pamba, pamba ya shambani kwake mwenyewe, nikafuta mguu mmoja mmoja. Samli na vumbi vilikuwa vimeshikana kama ugali mweusi. Ndani ya plagi nikakuta waya mmoja umeachia. Nikauchomea upya kwa risasi ya kulehemu. Spiriti ilipokauka, nikachomeka.

Taa zikawaka taratibu. Nyumba ikanukia samli ya moto, halafu mtangazaji akaingia na sauti yake nene. Nikajisifu kimoyomoyo.

Mama alikaa kwenye kigoda akasikiliza taarifa ya habari mpaka mwisho.

"Wabeja, mwanangu," akanishukuru. "Unajua, nilikuwa nahama kwa sababu ya ukimya tu."

Akainuka, akachukua begi lake mlangoni, akalirudisha chumbani.

Niliumia, sifichi. Ningemwambia tu kwamba redio itatengenezewa Katoro, leo angekuwa kwangu.